Andika Sifuri

Bi Deolinda amepoteza betri ya kifaa cha sikio,
ile ndogo, ya duara, si kubwa kuliko dengu,
wiki tatu sasa. Basi hojaji naisoma kwa kupaza sauti
na korido nzima ya zahanati ya Pinhão inasikia:
JE, JUMA HILI MGUU UMEKUUMA? SIFURI HADI KUMI!
Mzee Belmiro, anayesubiri chanjo, anainua uso.

"Andika sifuri," anajibu, na kutabasamu
kama mtu aliyefaulu mtihani.

Naandika. Fomu imetoka Porto,
imetungwa na watu makini, ina maswali ishirini na tisa,
na kila sifuri ndani yake ni habari njema.

MGUU UNAKUNYIMA USINGIZI?
La. Anayemnyima usingizi ni mbwa wa Arlindo.
UNATEMBEA UMBALI GANI BILA KUPUMZIKA?
"Kwa kupanda au kwa kushuka?"
Fomu haijui mlima. Huku matuta ya mizabibu
yamepandana kama ngazi ya mtu mwenye haraka ya mbingu,
na mita mia za kwenda sizo mita mia za kurudi.
Naweka alama katikati ya visanduku viwili.

KUNA ULICHOKIPENDA AMBACHO MGUU UMEKUZUIA?

Ananyamaza. Navuta pumzi nirudie,
kumbe amesikia.
"Birika," anasema.

Mavuno thelathini na moja aliingia birika la mawe,
sketi imefungwa juu ya magoti,
mkono begani kwa huyu, mkono begani kwa yule,
mstari unakwenda, mstari unarudi,
kushoto, kulia, msimamizi anahesabu,
na zabibu ni baridi kwanza, baridi ya kukata,
halafu usiku wa manane kitu kinapata joto huko chini,
kinapumua, kinanyonya vidole kama ndama.
"Kabla mtu hajaonja, mimi unyayo umeshaniambia
mvinyo wa mwaka ule utakuwaje.
Kikonyo kimoja kibichi nilikiona kwa kisigino."
Anapangusa goti lisilo na vumbi.
"Siku hizi hata sakafu naamini tu kwamba ipo."

Kisanduku kinataka tarakimu. Naweka nne kati ya tano.
Sijui nne ni birika kiasi gani.

Unaogopa kukatwa?
Hili nimelisoma kwa sauti ya chini, kwa aibu.
"Eti nini?"
Korido imetulia. Belmiro anavitazama viatu vyake.
Naliruka.

Jumla: hali nzuri. Arudi baada ya miezi sita.

Ningempa mwavuli wake akaenda zake,
ila palikuwa na harufu, ya utamu usio na adabu,
kama pipa lililosahauliwa wazi.
"Hebu vua kiatu, Bi Deolinda. KIATU!"
"Cha nini? Si nimeshasema sifuri?"

Soksi naibandua polepole, imeng'ang'ania.
Na pale, chini ya kidole gumba,
katikati ya shimo lenye kingo nyeupe kama jibini,
kitu kinang'aa.

Wiki tatu amepanda na kushuka mlima
akilikanyaga sikio lake mwenyewe,
na mguu haukumwambia, maana mguu nao ni kiziwi.

Nakitoa kwa koleo, naweka kwenye sahani ya bati: ti!
Mlio huo pia hausikii. Anauona tu, anainama,
anakitambua, anacheka hadi anashika mbavu,
kisha kicheko kinakwenda mahali ambapo sikukifuata.

"Nifute ile sifuri?" Nimemsogelea, mdomo wangu karibu na nywele zake.
"Usifute. Hauumi. Mimi sikudanganya."

Naiacha. Ila pembezoni mwa karatasi,
ambako hakuna mtu wa Porto aliyeuliza kitu,
nachora unyayo, vidole vitano vibaya vibaya,
na nukta moja nyeusi.
Kisha nainua simu, naomba gari la kwenda Vila Real.
Leo, nasema. Hapana, si kesho. Leo.