Miezi Themanini na Nne

Karatasi ya kwanza ilisema:
Jimbo la Ohio dhidi ya Wendell Tolliver.
Nikaona sawa. Ohio naijua,
inanikata kodi, imenipa leseni,
karani wake wa kaunti nilisoma naye darasa la sita.
Tukamtafuta mdhamini, mama akaweka rehani Buick yake,
na jioni ile ile Wendell alikuwa mezani, anakula maharage,
anaapa kwamba bastola ya chini ya kiti si yake.
Sijamuuliza tena.

Mwezi Machi kaunti ikafuta kesi.
Mama alicheza jikoni, mwiko mkononi.

Siku tisa.
Saa kumi na mbili alfajiri, makoti yenye herufi za njano
yakajaa sebuleni, na karatasi ya pili ikasema:
Marekani dhidi ya Wendell Tolliver.
Nikaisoma mara mbili. Nchi nzima?
Na wale wa Alaska, amewakosea nini?

"Si ilifutwa?" mama akamuuliza wakili,
Bi. Petrakis, aliyevaa buti za theluji chini ya sketi.
Akatueleza polepole: bastola ni moja,
ila enzi ni mbili, kila moja na kitabu chake.
Aliyeachiwa na huyu hajaachiwa na yule.
Husemwa wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.
Hawa hawakupigana.
Walipokezana.

Huku hakuna mdhamini wa kupokea Buick,
hakuna kamati ya kumtoa mapema.
Kuna jedwali. Jaji aliteremsha kidole safu hii,
akakivusha mstari ule,
na pale vilipokutana palikuwa na kaka yangu.
Wala hawahesabu miaka. Miezi themanini na nne,
kama mtu anayetaja umri wa kitoto kichanga.

"Akitulia, siku hamsini na nne kwa mwaka," nilimwambia mama.
Akachukua kalenda ya duka la dawa, akaanza kutoa,
akakosea, akafuta, akaanza tena.

Gereza la jimbo lingekuwa nusu saa kutoka Youngstown.
Yeye yuko South Carolina.
Buick haifiki huko.

Kwa hiyo kila Jumanne mama anakwenda posta.
Bendera ya dirishani ni ile ile
iliyosimama nyuma ya jaji.
Anaitazama kidogo,
ananunua stempu moja,
anailamba bahasha mwenyewe.