Andika Wapo

Usiku wa sensa nilipangiwa Kibokoni:
kizibao cha kijani, tochi,
kishikwambi kisichoshika chaji.
Mlango wa nne Bi Mwanarusi akagoma kutaja idadi ya wanawe.
"Watoto hawahesabiwi, baba. Andika wapo."
Nikaandika wapo.
Mashine ikakataa.

Leo stima imepotea tangu adhuhuri,
najipepea kwa gazeti la juzi
na ndani ya gazeti mna dubu.
Dubu weupe wa Aktiki, makundi ishirini,
jumla yao yapata elfu ishirini na sita,
huenda wamepungua elfu nne,
huenda wamezidi elfu tano.
Nikacheka peke yangu.
Kwa kosa kama hilo msimamizi wetu, Bwana Tsofa,
angenirudisha Kibokoni kwa miguu.

Kisha nikasoma wanavyohesabiwa:
kwa helikopta, kwa sindano ya usingizi,
kwa unyoya ulionaswa kwenye waya.
Kuna kundi limepungua.
Kuna lililosimama palepale.
Kuna hata lililoongezeka, na hilo nalo liandikwe,
karani hachagui.
Lakini mbele ya makundi mengi
pana maneno niyajuayo:
takwimu hazitoshi.

Hiyo si sifuri.
Ni ule mlango wa buluu karibu na bomba,
niliobisha mara tatu,
nikasikia sufuria ikifunikwa polepole,
mtoto akizibwa mdomo,
nikajaza: nyumba imefungwa.

Jirani yangu Kassimu Bashora ameingia uani
na bonge la barafu la Liwatoni, kwenye gunia,
la kuwekea samaki wake wa kesho.
Limefika nusu.
"Hiyo nusu nyingine imeliwa na nani?"
"Na njia," asema, na kuketi.

Gazeti lasema barafu kwa dubu ni baraza:
hukaa pale, kimya, siku nzima,
kumvizia sili atokeze pua apumue.
Baraza ikimeguka, mwenye baraza hulala wapi?
Kwenye fomu zetu kulikuwa na swali la sakafu
(saruji, udongo, vigae),
la paa, la choo, la redio.
Swali la sakafu inayoondoka
halikuwapo.

Maji ya gunia yamefika miguuni.
Nimeinua gazeti lisilowe,
na kwa kalamu ya serikali ambayo sikuirudisha
nimeandika pembeni, kundi kwa kundi,
pale wasipojua:
wapo.
Halafu, kwa kuwa bado mimi ni karani,
nikatia alama ya kuuliza.