Vidole Viwili

Niliuliza bei nikiwa bado mlangoni,
koti linachuruzika, viatu vimebeba nusu ya matope ya Quinchao.
Erminda Colivoro hakuinua kichwa.
Alitaja peso, nami nikacheka kidogo,
kile kicheko cha mnunuzi anayedhani kicheko ni hoja.
"Dukani Puerto Montt," nikasema,
"blanketi kama hili ni robo ya hapo."
"Kama hili," akasema.
Akavuta gunia lililokunjwa, akaniwekea sakafuni.
"Piga magoti."

Kitanda chake cha kufumia hakina miguu.
Magogo mawili, vigingi vinne,
mtande umelala chini, umekazwa hata ukiugusa unajibu.
Cha mvunguni huinamiwa, hilo nalijua,
lakini hiki kilitaka na kiuno,
na ulimi uumwe kati ya meno.

Saa nzima nilipitisha uzi, nikaugonga kwa upanga wa mti,
nikapitisha, nikagonga,
na mvua ikigonga bati kwa ustadi kunizidi.
Nilipoinuka nilikuwa nimefuma vidole viwili,
vimepinda kama njia ya mlevi.
Akavitazama kwa adabu. Kisha akavifumua,
mstari kwa mstari, bila kinyongo,
uzi akiuzungushia kiganjani.
"Umekuja kulipia mkono wangu," alisema, "si wako."

Nililipa yote. Nauli ya pantoni nikakopa.

Hakukuwa na kitambaa pembeni chenye maelekezo.
Alinipa kwa mdomo, huku akimenya viazi:
Maji baridi. Baridi ya kuuma.
Usisugue. Lizamishe, liache lifikiri.
Usilikamue kama unayemkaba mwizi.
Lianike kivulini, lilale, lisining'inie;
sufu iliyolowa hujivuta hadi ikasahau umbo.
Na usilifungie kabatini kama cheti.
Nondo hupenda vitu visivyotumika.

Nilitii yote isipokuwa hilo la mwisho.
Nilihama, nikahama tena, nikalisahau sandukuni,
na nilipolifungua: tundu,
duara safi la kupitisha kidole gumba,
katikati ya ile rangi ya kutu
aliyoichemsha kwa ndevu za miti.
Nikalituma kwa basi, nimeona haya
kama mtoto aliyevunja bakuli la wageni.

Likarudi baada ya wiki sita. Tundu halipo,
ila pale pana kiraka cha kutu iliyoungua zaidi.
Ameandika nyuma ya risiti ya unga:
Mvua ya mwaka huu si ya mwaka ule.

Tangu hapo liko kitandani. Mbwa analilalia.
Yasna, mwanangu, amelifanya hema, pango,
na mara moja joho la askofu.
Supu ya kome ililimwagikia;
nikalizamisha, nikaliacha lifikiri.

Mwaka huu pindo limefumuka. Nikalituma.
Lilirudi vilevile lilivyokwenda,
ndani yake donge dogo la uzi, sindano butu,
na mwandiko ulioinama upande:
Magoti yangu yamekataa sakafu.
Yako bado. Fanya mwenyewe.

Basi nimepiga magoti, fleti ya ghorofa ya nne,
taa ya kusomea nimeishusha chini,
napitisha, nakaza, napitisha.
Mbwa ananitazama kwa adabu ileile.
Usiku umekwenda. Vidole viwili,
na vimepinda.
Nashika ncha ya uzi nifumue,
nalipima donge kwa jicho:
lililobaki halitoshi kukosea mara ya pili.

Nafunga fundo, nakata kwa meno.
Bei hakuitaja. Nimetia peso katika bahasha,
nikaongeza, nikaongeza tena,
na goti la kushoto, nikiinuka, linalia
kama bawaba ya mlango wake.