Haja Ndogo

Bwana Lupașcu, mpanga ratiba,
nakuandikia nyuma ya karatasi ya zamu,
maana fomu zako hazina mstari wa jambo hili.

Kutoka Copou hadi Dancu ni dakika arobaini na saba.
Umenipa nne za kugeuza tramu.
Choo kiko ng'ambo ya reli,
ufunguo anao bibi wa kibanda cha magazeti,
na bibi, Mungu amponye mguu wake,
hufungua dirisha akipenda.

Basi nikajifunza kutokunywa maji.
Kikombe kimoja cha chai tangu alfajiri,
midomo mikavu kama ganda la mkate.
Nikajifunza kubana.
Nilibana kwenye taa nyekundu, nikabana mteremkoni,
nikabana huku abiria akinitukana kwa ajili ya chenji,
na mtoto, miezi sita, kaegemea kibofu changu
kama mlevi aliyeegemea kengele ya mlango.

Wanaiita haja ndogo.
Nani aliyeipima?

Januari ikaanza kuchoma.
Tone, moto. Tone, moto.
Nikienda hakuna kitu; nikirudi, inaniita.
Mama mkwe Paraschiva akasema: ulikalia jiwe la baridi.
Akachemsha ndevu za mahindi, akachemsha vikonyo vya cheri,
akanifunga skafu ya sufu kiunoni.
Nilikunywa yote. Ulikuwa wema,
na wema ulinipasha moto,
ila haukuua kitu.

Usiku wa Jumatano nikatetemeka hadi meno yakagongana.
Mgongo, upande wa kulia, chini ya mbavu,
mtu alikuwa akipigilia misumari.
Tumbo likakaza kama ngumi,
likaachia,
likakaza.
Costel akanipeleka kwa gari la jirani linalonuka kabichi,
haongei, anahesabu kwa midomo,
nami naijua hesabu hiyo:
wiki ishirini na sita, ishirini na sita, bado, bado.

Mkunga Aglaia akanipa kikopo.
"Ya kwanza iache ipite.
Ya katikati ndiyo isemayo kweli."
Husemwa kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kilishavuka nguo,
kimepanda ngazi kimya kimya hadi kwenye figo.

Nikamwambia naogopa dawa. Nikimeza, naye anameza.
Akaning'iniza dripu bila kunitazama.
"Zipo dawa nisizokupa. Hii siyo mojawapo.
Linalomtisha mtoto ni homa yako.
Na ukienda nyumbani na vidonge, vimalize,
hata ukijisikia mzima siku ya tatu."

Siku ya tatu nilijisikia mzima.
Nilivimaliza.
Nikarudi na kikopo kingine, nikasubiri maabara
kama anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe.
Safi, wakasema. Utarudi tena mwezi ujao.
Tumbo lilikuwa limetulia. Yeye alikuwa na kwikwi.

Bwana Lupașcu,
sikuombi maua wala kiti chenye mto.
Naomba dakika kumi na ufunguo wangu mwenyewe.
Na si mimi tu: muulize Ilinca wa zamu ya usiku
kwa nini huficha chupa ya maji asiione hata yeye.

Jana nilisimamisha tramu Podu Roș,
nikafungua mlango wa chumba cha dereva, nikasema kwa sauti:
Samahanini. Naenda kukojoa.
Kimya. Mvulana mmoja akacheka, akanyamazishwa.
Mzee aliyepakata trei ya mayai akasema:
"Nenda, binti. Haya hayataangua leo."

Niliporudi vioo vilikuwa vimefanya ukungu kwa pumzi zao.
Walikuwepo wote.
Chupa yangu nikainywa nusu mbele yao.

Tulichelewa dakika sita.
Utaziona kwenye ripoti, kando ya namba yangu.
Penye sababu, karani aliandika: haja ndogo.
Neno la pili
nimelifuta.