Mstari Mtupu Ubaoni

Mwalimu Mahenge alikuja Bulongwa Jumatano ya ukungu,
koti limemzidi mabega, chaki mfukoni vipande vitatu.
Tulikuwa wahudumu wa afya kumi na wanne,
mikono makwapani kwa baridi.
"Elimu ya nafsi," alisema, "ilizaliwa chumbani,
mlango umefungwa, mgonjwa mmoja, daktari mmoja.
Ilichelewa sana kutoka nje."

Akaandika Marekani: huko walimtibu mtoto,
wakamrudisha mtaa uleule uliomuuguza,
hadi aibu ikawashika, wakaanza kuutazama mtaa.
Akaandika Amerika ya Kusini: huko walivua makoti meupe,
wakakaa vibandani na wenye njaa,
wakajifunza kuuliza.
Akaandika Afrika Kusini, akanyamaza kidogo.
"Huko walisema: anayeumwa ni mtu, au ni sheria?"
Kisha akaandika Sisi,
akachora mstari, akauacha mtupu.

Nilimkumbuka Tusekile,
mwaka ule wa makaburi, aliyezika mume na mabinti wawili
kati ya ngano kuchanua na ngano kuvunwa,
akafunga mdomo kama mtu afungavyo ghala lisilo kitu.
Hakuna aliyemwambia zungumza.
Walikwenda tu, wanawake saba na majembe,
wakapalilia viazi vyake, wakabishana bei ya pareto,
wakala makande yao, wakaondoka.
Kesho tena.
Wiki ya tatu akatokeza mlangoni:
"Nani kanipindia matuta kama mkia wa mbwa?"
Wakacheka hadi wakakaa chini kwenye udongo.
Naye akachukua jembe.

Nilitaka kunyoosha mkono: mwalimu, andika hivyo.
Mkono ukawa mzito.
Maana ni walewale saba, na mimi wa nane,
tuliozunguka njia ya mbali
Ndelwa alipoanza kuongea na misindano usiku.
Tulisema karogwa. Siku nyingine tulisema yeye ndiye mrogaji.
Tuliwakataza watoto kupita pale.
Akaondoka msimu wa mahindi mabichi,
na nyasi za uani kwake sasa zinachungulia dirishani.

Jioni mwalimu alifuta ubao, nchi moja baada ya nyingine,
vumbi likamkaa kwenye nyusi.
Mstari wetu hakuufuta.
Nikamwambia kesho kuna darasa la nne humu,
watauliza ni wa nini.
"Waambieni," alisema, akitafuta kofia yake,
"ni kazi ya nyumbani ya watu wazima."