Inapitika

Jina langu Semeni,
na kwa miaka minne nilikatazwa kusema.

Getini pale Raskazone palichorwa mstari wa chokaa.
Ukiuvuka, Kiswahili kinabaki nje
pamoja na ndala na maganda ya machungwa.
Jumatatu hadi Jumatano Kiingereza,
Alhamisi na Ijumaa Kifaransa,
na aliyeteleza alivishwa kibao kwa kamba ya mkonge
mpaka amsikie mwingine akiteleza.
Mimi nilikivaa sana. Kamba ile ilinichora shingo
kama mpaka kwenye ramani ya jiografia.
Kosa langu la mwisho lilikuwa "pole."
Nilimwambia Kibibi alipojikwaa.

Madamu Nizigama alitufundisha kuwa vitu vina jinsia:
meza ni ya kike, kitabu cha kiume,
mlango mwanamke, ukuta mwanamume.
Nikarudi Ngamiani nikaitazama meza ya mama,
ile yenye mguu mmoja wa tofali,
nikaionea huruma upya.
Ngeli zetu hazina habari na mke wala mume.
Zinauliza: una uhai? u mti? u mdogo kiasi gani?
Lakini mtihani haukuuliza hilo.

Novemba ikaja na jua la kulainisha lami.
Asubuhi karatasi ya Kiingereza, mchana ya Kifaransa,
katikati dakika arobaini na muhogo wa nazi.
Jasho likadondokea namba yangu ya mtahiniwa,
sifuri sifuri thelathini na moja,
wino ukatawanyika. Msimamizi akaniangalia
kana kwamba nimejifuta mwenyewe.

Kisha mtihani wa mdomo.
Mtahini alitoka Dar na kifeni chake cha mkononi.
Nieleze habari za kwenu, alisema kwa Kifaransa.
Nikasema baba yangu ana nyumba mbili.
Akaandika kitu, akatabasamu: kumbe mna mali!
Moja iko barabara ya kumi na saba, nikaendelea,
nyingine Makorora, na ile kubwa hununa
baba akilala kwa ndogo.
Kalamu ikasimama.
Nilitafuta neno la kumwokoa, la kuniokoa,
katika lugha zote mbili nilizolipiwa karo.
Sikulipata.
Nikanyamaza kwa sarufi sahihi.

Vyeti vilikuja viwili ndani ya bahasha moja.
Cha Kiingereza kilisema daraja la tatu,
hilo mtaa mzima unalifahamu,
shangazi Mwanjaa alishalitolea hukumu chai haijapoa.
Cha Kifaransa kilikuwa na neno moja tu:
*passable*.

Baba alikuwa amechutama juu ya tairi la Fuso,
mikono myeusi hadi viwikoni.
Hakukigusa cheti. Nisomee, alisema. Nikamsomea.
Ndiyo nini hiyo?
Wastani, nilitaka kusema. Si haba. Bora liende.
Nikasema: inapitika.

Akainua uso.
Yeye huzijua njia kwa matairi yanayoletwa yamepasuka:
ya Pangani wakati wa masika,
ya Amani kwenye kona za utelezi,
ya Kwamsisi ambako hata punda huuliza mara mbili.
Kwake neno hilo si dogo.
Ni neno ambalo dereva hulisubiri siku tatu,
injini imezimwa, nyanya zinaoza nyuma.

"Inapitika?" akauliza,
kama anayeulizia daraja baada ya mafuriko.
"Inapitika."

Akajifuta mikono kwenye kaptura,
akakipokea cheti kwa ncha za vidole,
na bado alama ya gumba ikabaki pembeni,
nyeusi, karibu na mhuri.

Mwaka uliofuata nilikipeleka kuombea kazi.
Karani akakigeuza, akakigeuza tena.
Hili doa, akauliza, la nini?
Nikamjibu, taratibu, neno kwa neno,
kwa ile iliyobaki getini.