Kupanga Upya Kabati

Miaka ishirini na sita ufunguo huu u mfukoni mwangu.
Kabati nilikabidhiwa na marehemu Mwalimu Chedego
limenyooka kama gwaride:
rafu ya juu, warukao;
ya kati, watembeao;
ya chini, watambaao na waogeleao,
na vumbi jekundu la Mpwapwa juu ya wote, bila ubaguzi.

Popo alikaa na njiwa. Nani angeuliza?
Sange, na kile kipua chake cha kunusanusa, alikaa na panya.
Fisi alikaa na mbwa, wakakenuliana meno
miaka yote hiyo, hakuna aliyemng'ata mwenzake.

Juzi akaja Mwalimu Nyemo, kijana, viatu vya raba,
akafungua milango yote miwili, akapiga chafya,
akasema, "Mzee Ndahani, hawa tutawapanga kwa ukoo."
Nikasema, wamepangwa.
"Wamepangwa kwa sura na kwa makazi," akasema.
"Kufanana si kuhusiana."

Tukaanza na pimbi,
yule waliyemnasa wanafunzi kwenye majabali ya Kiboriani,
mnene kama sungura aliyenyimwa masikio.
Mwalimu akambeba kwa mikono miwili
akamweka ubavuni mwa gego la tembo.
Nilicheka mpaka nikashika meza.
"Tazama kucha. Tazama haya mawili ya mbele,
yanakua maisha yake yote.
Hizi ni pembe, Mzee, ila hazikupata nafasi."
Kisha akamtoa sange kwa panya, akamwita na mhanga:
"Njooni. Kwenu ni huku."

Mamba akataka kumhamishia kwa kanga.
Hapo nikagoma. Nikatoka nje, nikaegemea ukuta.

Nje nilimkumbuka mtu
aliyekuja matangani kwa baba, kule Kibaigwa, mwaka wa njaa.
Hakuna aliyemjua. Wakamketisha na wachota maji.
Wajomba walimuuliza atokako, akasema Manyoni, basi.
Mimi niliona alivyovua kandambili mlangoni:
gumba la kushoto likikanyaga kisigino cha kulia,
mara mbili, kana kwamba ya kwanza haikuhesabika.
Kama baba. Kama mimi.
Sikusema neno.
Nilimpa ugali wa uwele na mlenda
nikamwacha pale pale alipowekwa.

Nikarudi ndani. Mamba nilimbeba mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kabati. Rafu zimenyooka, ukoo una matawi.
Basi tukawashusha wote sakafuni,
tukachora kwa chaki kutoka mlangoni hadi chini ya dirisha:
shina, kisha panda, kisha panda ya panda,
na kila mmoja tukamweka kwenye ncha yake.
Popo akawaaga ndege.
Fisi akasogea kwa nguchiro na paka,
mbwa akabaki anamtazama.
Kakakuona, ambaye siku zote nilimdhani ni samaki aliyepotea njia,
akaketi jirani na wala nyama, yeye na mchwa wake.

"Na hii?"
Chupa isiyo na lebo, kitu cheupe kimejikunja ndani kama sikio.
Mwalimu akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena.
"Sijui bado."
Nilipenda hiyo bado.
Tukaiweka pembeni mwa chaki, si mbali.

Lebo za Chedego sikuzitupa. Alizipiga kwa taipu, usiku, kwa kibatari,
herufi ya R imeruka kila mahali.
Nimeandika upande wa pili. Mwandiko wangu unapinda.

Jioni akaja Mama Mbeleje na ndoo ya deki.
Nikamzuia mlangoni: hapa mpaka Jumatatu.
Akachungulia. "Pimbi anafanya nini pale?"
Nikasema, yuko kwao.
Akanitazama kama anayepima homa.
Nikamuuliza kama anajua
basi la Manyoni huondoka Dodoma saa ngapi.
Hakujua.